Orodha ya Majina Matatu

Wadogo zangu wa chumba cha picha, mmeniuliza mara nyingi kwa nini madaftari yetu ya zamani yana majina ya watu mpaka ukurasa fulani, halafu ghafla yanageuka kuwa namba tupu. Nilikuwa nawajibu kwamba namba ni nyepesi kuandika. Sasa nimestaafu na sina sababu tena ya kuwadanganya. Nitaandika ilivyokuwa, na atakayeona nimerefusha mambo anisamehe, maana miaka mingi nilikuwa nalipwa ili nisiharakishe.

Niliingia kazini katikati ya vita, na wala si kwa sababu ya elimu ya nyota. Nilikuwa na diploma ya hesabu, na baba fundi saa huko mtaani Buyenzi. Chumba kile cha chuo kikuu kilikuwa cha mtu mmoja, Dokta Byamungu, Mkongomani wa Bukavu aliyekimbilia Bujumbura na mabegi mawili, moja la nguo na moja la picha za mbingu. Siku ya usaili alinitandikia picha moja mezani akaniomba nitazame vidoa vidogo. Nikatoa mfukoni lupu ya baba, kile kioo cha kukuzia ambacho mafundi saa hukibana jichoni, nikaanza kutazama huku jicho la pili nimeliacha wazi. Asiyezoea hulifumba, na baada ya nusu saa kichwa kinampasuka. Dokta hakuniuliza swali lingine.

"Unaanza leo," akaniambia. "Hesabu vumbi."

Nilidhani ananitania. Wiki mbili nzima nilihesabu vumbi, mikwaruzo na nywele zilizoanguka kwenye picha wakati wa kusafishwa. Kabla ya kujua kinachong'aa ni nini, alisema, lazima ujue kwanza kile ambacho si kitu. Baba alipouliza jioni chuoni nimefanya kazi gani, nilimwambia ni mambo ya sayansi, nikabadili mazungumzo.

Kazi yenyewe ninyi mnaijua, lakini niieleze kwa ajili ya watakaokuja. Wenzetu wa ng'ambo, wenye darubini kubwa, walitutumia picha tatu za sehemu moja ya anga: ya buluu, ya kijani na nyekundu. Galaksi zile za mbali kabisa, ambazo nuru yake iliondoka ulimwengu ukiwa bado mchanga, nuru hiyo huvutika njiani mpaka inakuwa nyekundu. Kwa hiyo kwenye picha ya buluu hazimo. Tulikuwa tunatafuta kitu kilichopo huku na kisichopo kule. Na kwa kuwa ni hafifu mno, tuliazima nguvu ya makundi makubwa ya galaksi yaliyo mbele yake. Uzito wa kundi hupinda nuru inayopita karibu, inakuwa kama unatazama mshumaa kupitia kitako cha chupa nene: mwali ni mmoja, lakini unauona mara mbili, mara tatu, umekuzwa na kunyooshwa. Doa jekundu moja halina maana, linaweza kuwa lolote. Ukipata la pili pale pale hesabu inapokuelekeza, unaanza kuamini. Ukipata la tatu, unaweza kuandika barua.

Sasa hayo madoa yalihitaji majina. Herufi A, B na C zilikwisha kutumika kwa picha zenyewe, na mara mbili tulichanganya mambo mpaka Dokta akagoma kula chakula cha mchana. Mimi ndiye niliyetoa wazo. Kwetu Burundi mapacha hawatafutiwi majina: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Ciza, hata kama wazazi walikuwa na mipango mingine. Nikasema, hawa nao si mapacha? Doa la kwanza tuliite Bukuru, la pili Butoyi, la tatu Ciza. Dokta alicheka siku ile, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Mdomo huponza kichwa, lakini wakati wa kicheko nani anakumbuka?

Tatizo letu la kila siku lilikuwa dirisha. Kazi ilitaka tukae karibu na mwanga, na vita vilitaka tukae mbali na vioo. Umeme ulikatika wakati wowote, kwa hiyo dirisha halikuepukika. Tulibandika vipande vya karatasi ya gundi kwenye vioo, tukasogeza meza kulingana na upande ambao milima ilikuwa ikinguruma kwa mizinga wiki hiyo. Picha zililala ndani ya sanduku la chuma chini ya meza, na siku mbaya sisi wenyewe tulikaa chini pamoja nalo. Pembeni ya kila kipimo nilichochukua baada ya mlio, Dokta aliniagiza niandike herufi w, yaani woga, ili kirudiwe kesho. Kuna kurasa zenye w kutoka juu mpaka chini. Saa tisa tulifunga, kila mtu apite bariyeri, vizuizi vya wanajeshi barabarani, kabla ya saa ya kutotembea. Sitawadanganya kwamba nilizoea.

Kisha likaja kundi lile lililotutesa. Katikati yake palikuwa na galaksi moja kubwa yenye kung'aa, tuliyoiita "mkubwa". Upande mmoja nilimpata Bukuru, doa jekundu lenye kinundu kidogo kushoto. Upande wa pili nikampata Butoyi, mwenye kinundu kile kile, ila kulia, kama sura kwenye kioo. Kwenye picha ya buluu hawamo kabisa. Dokta alikesha na hesabu zake siku tatu, akasema kama hawa ni mapacha kweli, basi Ciza yupo, karibu sana na mkubwa, mdogo na hafifu. Tulimtafuta wiki tano. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Mimi niliambiwa tazama kila asubuhi, na sikuona.

Kila Ijumaa Dokta alishuka mtaa wa Kinindo, kwenye nyumba ya shirika moja la misaada lililokuwa na simu ya setilaiti, wakamruhusu kutuma barua pepe kwa wenzetu. Alibeba karatasi ya muhtasari, akaitafsiri hapo hapo akiwa anachapa. Muhtasari niliuandika mimi, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita. Ijumaa ile niliandika hivi, na maneno nayakumbuka yote:

Bukuru: amepatikana, 14 na 31.
Butoyi: amepatikana, 22 na 9.
Ciza: bado tunamtafuta. Amejificha karibu na mkubwa.

Chini nikachora ramani ya miraba, nikaweka misalaba mitatu, wa tatu pale hesabu ilipomweka Ciza. Nikaikunja, nikampa, nikamtakia safari njema.

Jumamosi asubuhi Mama Sifa aligonga kwetu. Alikuwa Mkongomani pia, jirani yake Dokta, muuza ndagala, yaani dagaa, aliyezichukua ziwani Ruziba na kuziuza Kinindo. Beseni lilikuwa bado kichwani.

"Zaina, Dokta wako wamemushika jana pale bariyeri," akasema. "Wamekuta karatasi ya majina ndani ya mufuko yake."

"Majina gani?"

"Mi sijui kusoma. Lakini musoda wa bariyeri alikuwa anasoma kwa sauti. Bukuru, Butoyi, Ciza. Akamuuliza, huyu Ciza munamutafutia nini?"

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Miaka ile orodha ya majina ilikuwa kitu kibaya kuliko bunduki. Bunduki ungeweza kusema umeiokota. Na hapa palikuwa na mgeni, mkimbizi, mwenye majina matatu ya Kirundi, wawili wamepatikana, mmoja bado anatafutwa, na ramani yenye misalaba. Ningekuwa mimi mwanajeshi, ningemfunga. Watu walikuwa wanapotea kwa makosa madogo kuliko hayo, na aliyepotea Jumamosi hakuna aliyemuulizia Jumatatu.

Baba alikuwa na saa wazi mbele yake. Hakuinua kichwa.

"Mwandiko ni wa nani?"

"Wangu, baba."

Akarudisha parafujo moja mahali pake, taratibu, mpaka nikataka kupiga kelele.

"Basi nenda kabla hawajauliza hilo wao wenyewe," akasema. "Mi nakusindikiza."

Tulikwenda kwa miguu, tukapitia kwanza chuoni kufungua sanduku. Nilibeba picha tatu ndani ya bahasha na lupu mkononi, nikisoma Ayatul Kursi na kuchanganya maneno, nikirudia mwanzo kila mara. Nilikuwa na hakika kwamba nikiingia kwenye kituo cha wanajeshi walikomfungia Dokta nami sitatoka. Nawaambia hili kwa sababu baadaye watu walinisifu kwa ujasiri. Haukuwa ujasiri. Nilijiona nimemwandikia mtu hukumu kwa mkono wangu, na sikuweza kukaa nyumbani na mkono huo.

Baba walimbakiza nje ya lango. Mimi waliniingiza kwa komanda, mtu wa makamo, mpole wa sauti, na upole wake ndio ulionitia hofu zaidi. Karatasi yangu ilikuwa mbele yake, imenyooshwa vizuri, imewekewa glasi tupu ya chai isipeperuke. Pembeni alikaa karani wake na kalamu.

"Hii mwandiko ni ya nani?"

"Yangu, komanda."

"We umekuya mwenyewe kusema?"

"Ndiyo."

"Bukuru ni nani?"

"Si mutu, komanda. Ni galaksi. Nyota nyingi pamoja, mbali sana."

"Na Butoyi?"

"Ni yeye yule Bukuru."

"Mutu mumoja, majina mbili," akamwambia karani. "Andika. Iyo ni jina ya musituni." Akanigeukia. "Anakaa wapi?"

Woga ukiingia, akili hutokea mlango wa nyuma. Nikajibu kama nilivyozoea kujibu kazini. "Amejificha nyuma ya wengine. Tunamuona kwa pembeni tu."

Karani akaandika na hilo.

"Na huyu mukubwa?"

"Yeye iko katikati. Bila yeye hawa wengine hawaonekane."

"Jina lake?"

"Hana jina. Iko na namba."

"Mukubwa wao hana jina, iko na namba," komanda akarudia polepole, ili karani asiachwe nyuma.

Hapo nikaelewa kwamba kila neno la kweli ninalosema linamsogeza Dokta karibu na shimo. Nikaacha kueleza. Nikamwomba ruhusa nitumie ile glasi. Ilikuwa glasi ya kawaida ya chai, ya kitako kinene. Nikachora nukta moja kwa penseli nyuma ya bahasha, nikaiweka glasi juu yake, nikaisogeza mpaka nikapata mahali nilipopataka.

"Nimechora ngapi, komanda?"

"Moja."

"Tazama kwa juu. Unaona ngapi?"

Aliinama. Akaiinua glasi, akakagua bahasha kama nimeficha nukta nyingine, akairudisha.

"Mbili," akasema.

"Ile ya kushoto ni Bukuru. Ile ya kulia ni Butoyi. Glasi ndiyo mukubwa. Si mutu hata mumoja, komanda. Ni nukta."

Akaisogeza mwenyewe, mara nukta ikagawanyika, mara ikavutika ikawa kama upinde. Akamwita karani naye atazame. Kwa dakika chache tulikuwa watu watatu walioinamia glasi, na mimi nikaanza kupumua. Kisha akajinyoosha.

"Nimeona Bukuru na Butoyi. Wapi Ciza?"

"Hesabu inasema iko. Bado hatujamuona."

"Basi munamutafuta."

"Ndiyo, lakini juu mbinguni."

"Sikiliza, mama. Mi nakuamini. Lakini hapa mujini akina Ciza wako wengi. Kesho mumoja akifa, wataniuliza mi: ile karatasi ulishika, ukafungua mukongomani, juu ya nini? Mi nitajibu juu ya glasi ya chai?" Akanisogezea karatasi mpya. "Andika kwamba Ciza hayuko. Tia sahihi, muende."

Nikashika kalamu. Nilianza kuandika "Ciza hajaonekana". Akaweka kidole juu ya neno.

"Apana. Hajaonekana ni mutu bado anatafutwa. Andika hayuko."

Nikaandika hayuko. Mkono haukusita hata kidogo. Nikatia sahihi nakala mbili, moja yake na moja yangu. Komanda alizisoma zote mbili, akanirudishia bahasha na lupu.

"Na siku mukimuona huyo wenu," akasema, "musikuye kuniambia."

Dokta alitoka bila mkanda, ameshika suruali kwa mkono mmoja, kioo kimoja cha miwani kimepasuka. Hakuwa ameketi tangu jana, kwa kuwa chumba kilikuwa kimejaa. Hatukusalimiana. Tulitembea yeye mbele, mimi nyuma yake, baba nyuma yetu sote, mpaka tulipopita kona na lango halionekani tena. Hapo Dokta akaomba kuiona ile nakala. Akaisoma akiwa amesimama juani.

"Zaina, umeandika hayuko."

"Ndiyo, Dokta."

"Na we unajua hayuko?"

"Mi najua we uko," nikamjibu. "Iyo imetosha."

Akanirudishia nakala, tukaendelea mpaka Buyenzi. Baba alimfanyia mkanda wa kamba ya saa ya ukutani, na Mama Sifa, aliyekuwa amebaki kwetu na beseni lake, alimwekea ugali na ndagala akamwamuru amalize.

Jumatatu saa mbili Dokta alikuwa mezani, miwani imefungwa uzi. Jambo la kwanza aliloniagiza ni kuacha majina. Tangu siku ile ni namba tupu, na sasa mnajua kwa nini. La pili alilisema akiwa amenipa mgongo, anapanga picha.

"Kule umesaini juu yangu. Nakushukuru mupaka nife. Lakini hapa ndani, mutu hataandika hayuko mupaka tumalize kutafuta."

Nilikasirika, wadogo zangu, sijawahi kukasirika hivyo kazini. Nilikuwa sijalala siku mbili. Nilimwambia kwamba Jumamosi ile ningeandika hata kwamba jua halipo, na ningeapa juu yake. Nilimwambia kwamba kama neno langu linamkera arudi kule akalibadilishe mwenyewe. Dokta aligeuka, akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Mi pia ningeandika," akasema. "Ningeandika kabla yako. Njo maana naogopa. Usiku ule mule ndani tulikuwa watu arobaini ama zaidi, na wengine nyumbani kwao wameishaambiwa hawako. Niliwaona na macho yangu. Wako."

Nikachukua picha nyekundu, nikabana lupu jichoni, na yeye akakaa tu pale mpaka nilipoandika kipimo cha kwanza. Ilichukua muda mrefu.

Zilipita wiki nyingine tatu. Siku hiyo palikuwa na joto, tumeacha kila kitu wazi, na wanajeshi wa zamu waliolinda chuo walikuwa wamekaa kwenye korido wakinywa maji, mmoja ameegemeza bunduki karibu kabisa na chumba chetu. Wazo lilinijia kutoka kwa baba: saa yenye uso unaong'aa sana, yeye huziba mng'ao kwanza ndipo atazame mishale. Nikakata duara la karatasi nyeusi, kubwa sawasawa na yule mkubwa, nikalilaza juu yake. Mwanga wake wote ukafa. Na pale ukingoni, mahali ambapo kwa wiki nane nilikuwa nikiona weupe tu, palikuwa na kitu chekundu, kidogo kuliko tundu la sindano. Nikaenda kwenye picha ya buluu, nikaweka duara mahali pale pale. Hakuna kitu. Nikarudi kwenye nyekundu. Kipo. Sikuwa nimehesabu vumbi wiki mbili bure, halikuwa vumbi.

Nilitaka kuita, na jina pekee lililonijia mdomoni ni lile ambalo singeweza kulitamka mbele ya wale wanaume wa korido. Nikaandika 3 kwa penseli, nikaigeuza picha, nikamsogezea Dokta bila neno.

Alitazama. Akachukua rula, akapima kutoka kwa mkubwa, akafungua hesabu zake, akapima tena, na mara ya tatu. Mwanajeshi mmoja kule nje alikohoa, na sote wawili tukaganda. Kisha Dokta akaweka rula chini, akavua ile miwani ya uzi.

"Yuko," akasema, kwa sauti ndogo ya mtu anayeongea hospitalini.

Nilikwenda kufunga mlango kwanza, ndipo nikalia.